Jamii Inapojichunguza: Vitabu na Filamu za Ukosoaji Tanzania, Kuanzia Litowa hadi Mbinga

Vitabu na filamu za makala zinazoikosoa jamii ya sasa hujulikana zaidi kwa mifano ya Marekani, ambako kila kizazi hutoa waandishi wa kuwaambia wenzao kwamba nchi yao haiko kama inavyojisifu. Tanzania nayo ina akiba ya kazi za namna hiyo, na si ndogo. Sehemu kubwa yake inauhusu Mkoa wa Ruvuma: vijiji vya Songea, milima ya Umatengo wilayani Mbinga, na watu wanaoishi kati ya milima hiyo na Ziwa Nyasa. Kuna jambo moja linalotenganisha mikondo hiyo miwili. Mmarekani anayekosolewa hukisoma kitabu kinachomkosoa, kwa lugha yake, na akitaka hukijibu. Mkulima wa Ruvuma ameandikwa sana, lakini mara chache ameandikiwa.

Ukosoaji wa maandishi nchini Tanzania ulianza mapema, na aliyeuanzisha alikuwa kiongozi wa nchi mwenyewe. Mwaka 1962 Julius Nyerere alitoa kijitabu Tujisahihishe, akiwalenga wanachama wa TANU. Kiliorodhesha maradhi ya chama: ubinafsi, woga wa kusema kweli, tabia ya kuipima hoja kwa kumtazama aliyeitoa badala ya kuitazama hoja yenyewe. Miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, alirudia kazi hiyo katika Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, akakiri wazi kwamba nchi haikuwa imeufikia ujamaa wala haikuwa inajitegemea. Ni viongozi wachache sana, Afrika au kwingineko, waliokwisha kuandika tathmini kali namna hiyo ya kazi zao wenyewe wakiwa bado madarakani. Tena aliandika kwa Kiswahili chepesi, na vijitabu hivyo vilisomwa katika madarasa ya elimu ya watu wazima na katika matawi ya chama.

Hata hivyo ukosoaji huo ulikuwa na mpaka wake. Ulitoka juu ukashuka chini. Kiongozi aliwakosoa watendaji, watendaji wakawakosoa wananchi kwa uvivu, na mwananchi hakuwa na mahali pa kuchapisha jibu lake. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulilegeza mpaka huo kidogo kwa kulaani ubwana wa viongozi kazini, na wafanyakazi wa viwandani waliutumia kweli kweli katika migomo ya miaka iliyofuata. Vijijini haukuleta moto wa aina hiyo.

Mkondo wa pili ulizaliwa mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wa mrengo wa kushoto walikuwa na jarida lao, Cheche, na humo mwaka 1970 Issa Shivji alichapisha The Silent Class Struggle. Hoja yake ilikuwa kwamba kutaifisha mabenki na viwanda hakukuwapa wakulima na wafanyakazi mamlaka yoyote, bali kulilea tabaka jipya la warasimu waliokalia mali ya umma. Cheche lilipigwa marufuku mwaka huohuo. Shivji aliipanua hoja katika Class Struggles in Tanzania, 1976, kitabu ambacho mpaka leo hakuna anayeandika juu ya uchumi wa siasa wa Tanzania bila kukigusa. Karim Hirji, aliyekuwa mhariri wa jarida hilo, alikusanya kumbukumbu za wenzake katika kitabu kilichotoka 2010.

Jarida lilikuwa na jina la Kiswahili, lakini yaliyokuwa ndani yalikuwa Kiingereza. Wanafunzi wale wangejitetea kwamba mjadala wao ulivuka mipaka ya nchi, na ni kweli. Ni kweli pia kwamba baadhi ya wasomi walijaribu kuuvuka mpaka huo wa lugha: Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga walimtafsiri Frantz Fanon, na kitabu kikatoka 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Juhudi za namna hiyo hazikuwa nyingi. Mkulima ambaye kila ukurasa ulidai kumtetea hakuwa miongoni mwa waliotarajiwa kuusoma.

Hapo ndipo habari ya Ruvuma inapopata uzito wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU Youth League wa Songea, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walikwenda porini kuanzisha kijiji cha kulima pamoja, Litowa. Walianza kwa njaa, kama wengi waliojaribu kitu hicho enzi zile, ila wao hawakutawanyika. Vijiji vingine vikafuata mfano wao, na mwaka 1963 vikaungana kuunda Ruvuma Development Association. Kila kijiji kilijitawala kwa mkutano wa wanakijiji wenyewe. Chama kilishughulikia yale ambayo kijiji kimoja hakiwezi, kama mashine ya kusaga, masoko na ufundi. Litowa ilikuwa na shule yake chini ya Suleman Toroka, ambamo watoto walisoma na kulima, wakajifunza kuendesha mambo ya kijiji kwa kuyaendesha. Mwingereza Ralph Ibbott, aliyetokea shamba la ushirika la St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, alihamia Litowa pamoja na familia yake akiwa mshauri.

Nyerere aliipenda kazi hii na hakuificha furaha yake. Anayesoma Ujamaa Vijijini, andiko la Septemba 1967, akiwa anajua habari za Litowa ataona mara moja kijiji ambacho mwandishi alikuwa amekiona kwa macho yake. Na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka huohuo inafanana mno na shule ya Toroka kiasi kwamba ni vigumu kuamini ni bahati tu. Miaka miwili baadaye, Septemba 1969, Kamati Kuu ya TANU iliivunja Ruvuma Development Association. Mali zake zikachukuliwa, wageni waliokuwa washauri wakaondoka nchini, na kazi ya kujenga vijiji vya ujamaa ikakabidhiwa chama tawala peke yake. Kielelezo cha sera kilifutwa na wenye sera.

Tukio hilo limezaa maandishi mengi kuliko tukio lolote lingine la Ruvuma baada ya uhuru. La kwanza ni Shamba Letu, kitabu cha kijana Mmarekani, Kate Wenner, aliyeishi Litowa katika miaka ya 1960. Kilichapishwa Marekani mwaka 1970, wakati chama kikiwa tayari kimezikwa. Ni kitabu chenye macho ya mgeni, na thamani yake ipo hapohapo: mwandishi anaona jinsi watu wanavyoamka, wanavyogawana kazi, wanavyogombana na kupatana, mambo ambayo taarifa za kiserikali huyaruka. Udhaifu wake ni kwamba Litowa inabaki kuwa shule ya mwandishi kabla ya kuwa kijiji cha wenyewe. Na hapa tena jina ni la Kiswahili, kurasa ni za Kiingereza.

Andrew Coulson alikiweka kisa hicho mahali pake katika historia pana ya Tanzania: A Political Economy, 1982. Kwake kuvunjwa kwa chama ni dalili ya urasimu uliokuwa ukikua na usioweza kuvumilia wakulima waliojipanga bila kuomba ruhusa. Michael Jennings, mwaka 2008, alikitazama kupitia mashirika ya misaada ya nje, hasa Oxfam, akaonyesha jinsi mashirika hayo yalivyoipenda Ruvuma, kisha yakaendelea kufanya kazi na serikali ileile hata hali ilipobadilika. Leander Schneider, katika Government of Development cha 2014, anauliza swali gumu kuliko yote: kwa nini Nyerere alikubali? Jibu lake haliwaachii wapenzi wa Mwalimu nafasi ya kupumua. Kwa maoni yake, uhuru wa mkulima na amri ya serikali vilikaa pamoja ndani ya fikra za Nyerere tangu mwanzo. Haikuwa tu kwamba watu wabaya walimzunguka na kumpotosha.

Mwaka huohuo wa 2014 Ibbott mwenyewe, akiwa mzee, alichapisha Ujamaa: The Hidden Story of Tanzania's Socialist Villages, kikiwa na utangulizi wa Selma James. Hiki ndicho kitabu kamili kuliko vyote juu ya Litowa. Kinajua bei ya mahindi, majina ya vijiji, mabishano ya mikutano, ugumu wa kupata lori wakati wa masika. Kinaeleza jinsi nafasi ya wanawake ilivyobadilika walipoanza kuhesabika kama wafanyakazi wa kijiji na si kama wake wa wanakijiji tu. Lakini ni ushahidi wa mtu aliyehusika. Maofisa wa mkoa wanaonekana humo zaidi kama vikwazo kuliko kama watu wenye hoja zao, na msomaji makini anapaswa kukisoma bega kwa bega na Schneider. Vitabu hivyo viwili kwa pamoja vinatoa picha ambayo hakuna kimoja kinachoweza kuitoa peke yake.

Baada ya 1969 vijiji vilijengwa kwa namna nyingine. Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 iliwahamisha watu wengi kwa muda mfupi, mara nyingine kwa lori na mgambo. James Scott, Mmarekani, ameifanyia sura nzima katika Seeing Like a State, 1998, na anakadiria kwamba walihamishwa watu wasiopungua milioni 5. Kwa Scott kosa kuu lilikuwa la macho: mpangaji aliye ofisini huona nyumba zilizopangwa mstari na mashamba yaliyonyooka, haoni ujuzi wa kilimo uliomo katika kile anachokiita vurugu. Kabla yake Göran Hydén, katika Beyond Ujamaa in Tanzania, 1980, alisema karibu kinyume: mkulima wa Tanzania alikuwa hajashikwa na serikali wala na soko, na aliweza kuwakimbia wote wawili akarudi kwenye shamba lake. Hoja ya Hydén ilipendwa mno na wafadhili, pengine kupita ilivyostahili, maana iliuondoa mzigo kwa wapangaji na kumtwisha mkulima.

Hoja ya Scott inaeleweka upesi Umatengo. Kwenye miteremko mikali ya Mbinga wakulima hulima kwa ngolo: majani hufyekwa na kulazwa katika mistari inayokatana hadi miraba ionekane, udongo huchimbwa kutoka katikati na kufunika majani, na mlima mzima hubaki umejaa mashimo yanayokamata maji ya mvua na kuzuia udongo usiporomoke. Maharage hutangulia, mahindi hufuata. A. H. Pike aliueleza utaalamu huu katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1938, kwa mshangao wa mkoloni aliyekuta kwamba wenyeji walikwisha kulitatua tatizo ambalo idara za kilimo za kikoloni zilikuwa zikihangaika nalo kila mahali. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Kyoto, Japani, walirudi Mbinga kuusoma upya, pamoja na ntambo, yaani tuta la mlima linalomilikiwa na ukoo, na sengu, kikao cha ukoo ambacho watu hula pamoja ndipo wakajadili. Ukoo uliozoea kutawanyika katika ntambo zake haukai vizuri kwenye ramani ya nyumba zilizopangana kando ya barabara.

Sengu inastahili neno moja zaidi. Ni baraza la kukosoana ana kwa ana, na anayekosolewa yupo palepale akisikiliza. Kitabu hakina uso, na hiyo ndiyo nguvu yake na hatari yake.

Mageuzi ya soko ya miaka ya 1980 na 1990 yalileta kundi jingine la vitabu. Stefano Ponte alifanya utafiti wake katika wilaya mbili, Songea Vijijini na Morogoro Vijijini, na matokeo yake ni Farmers and Markets in Tanzania, 2002. Ruzuku ya mbolea ilipoondolewa, mahindi ya Songea, ambayo yaliifanya Ruvuma ijulikane kama mojawapo ya mikoa inayolisha taifa, yakawa ghali kuyalima. Wakulima wakaelekea kwenye mazao yanayoleta fedha haraka, na kazi za kusaidiana zikapungua huku vibarua wa kulipwa wakiongezeka. Ponte hapigi kelele. Anahesabu, na hesabu inasema. Kitabu cha utulivu namna hiyo huumiza kuliko cha hasira.

Kwa Mbinga habari kubwa ilikuwa kahawa. Mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika mwaka 1989 na bei ikaanguka. Katikati ya miaka ya 1990 serikali iliruhusu wanunuzi binafsi, na chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kilichokuwa kikikopesha pembejeo na kukusanya kahawa ya Umatengo, kiliporomoka katika muongo huohuo. Mkulima aliyezoea kuchukua mbolea kwa mkopo akajikuta anainunua kwa fedha taslimu asizokuwa nazo. Jinsi soko hilo linavyofanya kazi inaelezwa na Benoit Daviron na Stefano Ponte katika The Coffee Paradox, 2005: bei ya kikombe kimoja mjini Ulaya hupanda huku bei ya kilo mlimani ikishuka, kwa sababu kinachouzwa kikombeni ni jina, mahali na mandhari, na vyote hivyo viko mikononi mwa wachomaji na wauzaji wa mwisho. Filamu ya makala Black Gold ya 2006, ya Nick na Marc Francis, ilionyesha jambo hilohilo kwa picha kupitia Tadesse Meskela, kiongozi wa ushirika wa wakulima wa Oromia, Ethiopia. Anayeitazama filamu hiyo akiwa anaijua Mbinga atakuta anawatambua watu wote isipokuwa majina yao.

Wenyeji nao wameandika, ingawa kwa mkazo mwingine. Mwaka 1972 East African Literature Bureau ilitoa Historia, Mila na Desturi za Wamatengo cha Egno Ndunguru, kwa Kiswahili. Si kitabu cha ukosoaji. Ni cha kuhifadhi. Ila kinakumbusha kwamba mwandishi wa Mbinga alipopewa nafasi ya kuwaandikia watu wa kwao alifanya hivyo kwa lugha wanayoisoma, wakati uleule ambao maprofesa walikuwa wakiandika juu yao kwa lugha wasiyoisoma.

Ukosoaji wa Kiswahili haukukosekana. Ulijificha ndani ya riwaya na tamthilia. Euphrase Kezilahabi, katika Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, anamfuata Tumaini, kijana anayetangatanga hadi anapotulia na kuwa mkulima tajiri. Ujamaa unapolifikia shamba lake anaua, naye ananyongwa. Gamba la Nyoka, 1979, inahusu Operesheni Vijiji moja kwa moja: wasomi wawili, Mambosasa na Mamboleo, wanatumwa kuwaelimisha wanakijiji ambao hawataki kuhama, na kila upande unachekwa kwa zamu. Riwaya hiyo inasema mwaka 1979 mengi ya yale ambayo Scott aliyasema mwaka 1998, na kijana wa kidato cha nne wa Mbamba Bay anaweza kuimaliza kwa wiki moja. Tamthilia yake ya Kaptula la Marx, iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kuwadhihaki viongozi wanaovaa itikadi isiyowatosha, ilikaa miaka mingi bila kuchapishwa. Ngalimecha Ngahyoma alikuwa amekwisha kutoa Kijiji Chetu mwaka 1975, mchezo ambao ujamaa wake una wakubwa wenye mikono mirefu.

Baada yao Ruhumbika, ambaye aliishia kufundisha katika Chuo Kikuu cha Georgia nchini Marekani, alitoa Miradi Bubu ya Wazalendo, 1992, riwaya inayohesabu nani alipata nini katika uhuru. Seithy Chachage, mwanasosholojia wa Dar es Salaam aliyefariki 2006, alikwenda mbali zaidi kwa Makuadi wa Soko Huria, 2002. Ni kitabu cha ajabu kidogo, nusu riwaya, nusu utafiti, kikichambua ubinafsishaji na mradi wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji. Wahakiki wengine wamekilalamikia kwamba wahusika wake huhutubia. Wanahutubia kweli. Mwanasosholojia aliyetaka kusomwa na Watanzania alichagua riwaya kwa sababu aliona wasomaji wapo huko, na kasoro za sanaa zilikuwa gharama aliyokubali kuilipa.

Filamu ilikuwa na njia nyembamba zaidi. Tanzania Film Company, shirika la umma lililoanzishwa 1968, lilitoa katikati ya miaka ya 1970 Fimbo ya Mnyonge, hadithi ya kijana anayehangaika mjini hadi anapouona mwanga katika kijiji cha ujamaa. Ilikuwa filamu ya kuhimiza, na ilitimiza kazi yake. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 iliweka sharti la kibali kabla ya kupiga picha na ukaguzi kabla ya kuonyesha. Mtu mwenye kalamu na daftari huhitaji ujasiri tu. Mwenye kamera huhitaji ujasiri, fedha na mhuri.

Matokeo yake ni kwamba filamu za makala zilizoitikisa nchi zilipigwa na wageni. Iliyotikisa kuliko zote ni Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, Mwaustria, iliyotoka 2004. Ilipigwa Mwanza, ikifuata minofu ya sangara inayopakiwa katika ndege kubwa za Ilyushin kwenda Ulaya, huku mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa, yakikaangwa kwa ajili ya maskini. Kati ya picha hizo wanapita marubani, makahaba, watoto wa mitaani, na swali linalorudiwa: ndege hizo huja na nini? Filamu inaelekeza kidole kwenye silaha bila kuonyesha sanduku hata moja. Ilishinda tuzo ya César Ufaransa na kuteuliwa kuwania Oscar mwaka 2006.

Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete aliikemea hadharani, na watu wakaandamana Mwanza kuipinga filamu ambayo wengi wao hawakuwa wamepata nafasi ya kuiona. Mwanahistoria Mfaransa François Garçon aliandika kitabu kizima cha kuivunja. Sauper akamshitaki kwa kumchafulia jina, akashinda. Hukumu ya mahakama ya Paris haimalizi ubishi. Sauper ana haki kuhusu mambo makuu: faida ya ziwa la Mwanza ilikuwa inaruka juu ya vichwa vya wanaoishi kando yake. Amekosea katika kuifanya Mwanza nzima iwe barabara moja ya usiku. Viwanda vya minofu vilikuwa na wafanyakazi, wavuvi walikuwa na nyumba walizojenga kwa sangara, na mapanki yalikuwa biashara yenye wachuuzi wake waliojua hesabu. Mtu anayeuza mapanki si taka, na filamu haikumpa muda wa kutosha kulisema hilo. Lakini jibu la serikali nalo lilikuwa la ofisi: lilitetea sura ya taifa, halikutoa takwimu za nani anakula nini.

Filamu nyingine za wageni zimeshika mada moja moja. A Place Without People, 2009, ilihoji jinsi hifadhi za Serengeti zilivyojengwa kwa kuwaondoa Wamaasai. In the Shadow of the Sun ya Harry Freeland, 2012, ilikaa miaka kadhaa na watu wenye ualbino, hasa Ukerewe, wakati wa mauaji yaliyoitia nchi aibu. Ni kazi ya heshima kwa sababu wahusika wake wanasema wenyewe na wanafanya kazi wenyewe. In the Name of Your Daughter, 2018, iliwafuata wasichana wa Mara wanaokimbia ukeketaji na Rhobi Samwelly anayewapokea. Upande wa wazalendo, Amil Shivji amefanya sehemu kubwa ya ukosoaji wake kwa filamu za hadithi, kuanzia Shoeshine hadi Vuta N'kuvute ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ni njia ileile ya Kezilahabi, kusema kweli kwa kisingizio cha hadithi.

Marekani inasaidia kupima mambo haya. Kitabu cha Michael Harrington, The Other America, 1962, kiliwaonyesha Wamarekani umaskini uliokuwa umejificha miongoni mwao, na kilisomwa na watu waliokuwa karibu na ikulu wakati sera za kupambana na umaskini zilipokuwa zinatungwa. Harlan County USA ya Barbara Kopple, 1976, iliishi na wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kentucky waliokuwa wamegoma. Roger & Me, 1989, ilitengenezwa na Michael Moore, mwenyeji wa Flint, juu ya kampuni iliyofunga viwanda vya mji wake. Si kwamba huko hakuna marufuku: Titicut Follies ya Frederick Wiseman, 1967, juu ya hospitali ya wafungwa wagonjwa wa akili, ilizuiwa na mahakama za Massachusetts kwa zaidi ya miaka 20. Tofauti ni kwamba Moore alikuwa wa Flint, na watu wa Flint walimwelewa bila mkalimani.

Waafrika Mashariki nao wamejaribu kuigeuza kamera. Josiah Kibira, Mtanzania wa Minnesota, alitoa Bongoland mwaka 2003, hadithi ya kijana anayegundua Minneapolis kwamba Marekani ya ndoto haina chumba chake. Godfrey Mwakikagile ameandika juu ya uhusiano wa Waafrika na Wamarekani weusi. Ila Marekani inayofika Mbinga na Nyasa kwa wingi hupitia vibanda umiza, kwenye filamu za mapigano zilizosimuliwa kwa Kiswahili na watu kama Lufufu, aliyempa kila shujaa wa Hollywood sauti ya kijiweni. Huyo Lufufu, kwa namna yake, ameitafsiri Marekani kwa watu wengi kuliko chuo kikuu chochote.

Uandishi wa ukosoaji wa Kiswahili usio hadithi umeongezeka tangu miaka ya 1990. Nyerere, akiwa amestaafu, aliwashambulia warithi wake katika Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, kitabu kilichochapishwa Harare. Makala za Jenerali Ulimwengu zilikusanywa katika Rai ya Jenerali. Harith Ghassany alitoa Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! mwaka 2010 juu ya Mapinduzi ya Zanzibar, na ubishi uliozuka ulikuwa mkubwa hasa kwa sababu kila mtu barazani aliweza kukisoma. Shivji, aliyeanza na Kiingereza cha Cheche, amechapisha Insha za Mapambano ya Wanyonge. Vitabu hivyo vimethibitisha kwamba wasomaji wapo.

Mada hazijaisha Ruvuma. Tangu 2011 makaa ya mawe ya Ngaka, Mbinga, yamekuwa yakichimbwa na Tancoal, iliyoanzishwa kama ubia wa kampuni ya Australia na Shirika la Maendeleo la Taifa, na malori yanapita katika vijiji ambavyo kabla ya hapo vilijua lori la kahawa tu. Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, ina wavuvi wa usipa ambao maisha yao hayafanani na ya Mwanza hata kidogo. Kazi ya haraka zaidi, hata hivyo, ni ya vitabu vilivyokwisha kuandikwa. Wachapishaji wa Dar es Salaam na Bodi ya Huduma za Maktaba wavifikishe kwa Kiswahili katika maktaba ya Songea na shule za sekondari za Mbinga, Liuli na Lituhi, wakianza na Ibbott na Ponte. Wajukuu wa waanzilishi wa Litowa wana haki ya kuyakubali yaliyoandikwa juu ya babu zao, au kuyakanusha.